Akaunti Mbili, Mtu Mmoja?

Wikipedia ni kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote anayetaka. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mabishano kuhusu makala huamuliwa kwa hoja, lakini wapo wanaofungua akaunti kadhaa ili mtu mmoja aonekane umati. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 zilizohusishwa na kundi moja lililoandika makala za matangazo kwa malipo. Kuwa na akaunti mbili peke yake si kosa. Kosa ni kuwahadaa wenzako.

Mtahiniwa, zingatia hapa: anwani moja ya intaneti si ushahidi tosha. Chukulia wanafunzi watatu wa Mkange, Bagamoyo, wanahariri makala ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, jirani yao, kwa intaneti moja ya shule. Anwani itaonekana moja, na wote watatu wanaweza kufungiwa bila hatia. Kwa hiyo wachunguzi hulinganisha pia saa za kuhariri, makosa ya tahajia yanayojirudia na jinsi akaunti zinavyoungana mkono. Aliyefungiwa anaweza kukata rufaa.

Swali: Waandikie wanafunzi hao rufaa yenye hoja tatu.