Kuchunga nguvu ya moto: wapi inafaa, wapi inaua

Somo letu la leo ni juu ya nguvu tunayotumia kila siku: umeme kule kazini na nyumbani, na makala ndani ya mbabula. Wengi wanasema: « Kuchunga kidogo kidogo kutatusaidia nini? Wajenge baraji mpya, shida itakwisha. » Tuangalie neno hilo pole pole.

1. Nguvu mpya ni ya lazima, lakini inakawia

Inga 1 ilianza mwaka 1972, na megawati 351. Inga 2 ilifuata mwaka 1982, na megawati 1424. Umeme wa Inga ulifika Kolwezi kwa nyuzi za urefu wa kilometa karibu 1700. Ni kazi kubwa sana. Lakini nyuzi hizo zilipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki katika giza. Umeme uliozalishwa mbali si umeme uliofika jikoni.

Na Inga 3? Benki ya Dunia ilisimamisha msaada wake mwaka 2016, ikakubali tena kutoa feza mwaka 2025. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mambo hayo alikwisha kuingia masomo.

Baraji zinatakiwa, kwa maana nyumba isiyo na umeme haina umeme wa kuchunga. Lakini bukari ya leo mangaribi haingoji baraji.

2. Kuchunga ni nguvu unayoipata leo

Ampule ya zamani inakula wati 60. Ampule ya LED inatoa mwangaza kama ule kwa wati 10 hivi. Mahali pa moja ya zamani unaweza kuwasha sita. Hapo hakuna mto uliofungwa wala nyuzi zilizovutwa.

Makala ni vilevile. Katika tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inaomba kilo 5 za miti, ao zaidi. Ukipunguza kilo moja, pori linabaki na kilo tano, na mfuko wako unapumua. Fanya hivi:
– loweka maharagi tangu mangaribi mpaka asubuhi, yataiva upesi;
– funika sufuria;
– tumia mbabula yenye udongo ndani, inayoshika joto;
– chakula kikiiva, zima makala yaliyobaki, uyatumie kesho.

3. Kuchunga kunakoua

Hapa mimi, mtu wa hospitali, ninaomba masikio yenu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inakaza kwetu Katanga. Mtu anasema: « Moto huu usipotee bure. » Anaingiza mbabula katika chumba cha kulala, anafunga mlango na dirisha. Amechunga makala, lakini ameweka watu wake katika hatari ya kufa.

Makala yanayowaka yanatoa gazi ya sumu, monokside ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa pia. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa safi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea. Mwenye kulala anaweza asiamke tena. Ukikuta hivyo: fungua kila kitu, toa watu inje, kisha mbabula, na kimbilia hospitali hata kama mgonjwa anasema amepona.

Moshi wa jikoni nao unaua, lakini pole pole. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya nyumbani iliua watu karibu milioni 3,2. Katikati yao, watoto zaidi ya 237 000 hawakufika miaka 5. Pikia inje, ao mahali penye kupitisha hewa.

Katika mgodi sheria ni ile ile. Mashini zinazoingiza hewa chini na pompi za maji hazizimwi kwa kuchunga umeme, hata dakika moja, maana gazi za baruti na moshi wa mashini hazingoji. Lakini tiyo ya hewa ya kompresere inayovuja inapoteza nguvu usiku na mchana: mwambie shefu wako leo. Taa ya biro isiyo na mtu, izime.

Ushike neno hili: punguza kinachopotea, usipunguze kinachopumuliwa.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

1. Kwa nini makala yasiyo na moshi yanaweza kuua?
2. Katika nyumba yetu, nguvu inapotea wapi?
3. Usiku huu, mbabula yetu italala wapi?