Somo: Hesabu ya Kumtegemea Muuzaji Mmoja wa Programu



Siku hizi vyama vingi vya wakulima huandika daftari zao katika kompyuta: jina la mwanachama, kilo alizoleta, fedha alizolipwa. Kompyuta ni mali ya chama. Programu iliyomo ndani mara nyingi si mali yake. Chama kimepewa ruhusa tu ya kuitumia, nayo huitwa leseni.

Leseni ni za namna mbili. Ya kwanza hununuliwa mara moja ikatumika daima, kama mtu anunuaye shamba na mikarafuu yake. Ya pili hulipiwa kila mwaka, mfano wa kukodi mikarafuu kwa msimu: msimu ukiisha, mwenyewe aweza kutaja bei nyingine. Hii ya pili ina nafuu yake, maana malipo ya mwanzo huwa madogo. Lakini mkodi wa mikarafuu huhamia shamba la jirani bila ya taabu, na mwenye daftari za miaka kumi ndani ya programu ya mtu hawezi kuhama kwa siku moja.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Kampuni ya VMware ilikuwa ikiuza programu inayoiwezesha kompyuta moja kubwa kufanya kazi ya kompyuta nyingi. Novemba 2023 ilinunuliwa na kampuni ya Broadcom, na Desemba yake mwenye mali mpya akaacha kuuza leseni za kudumu. Kampuni ya simu ya AT&T, iliyokuwa na seva kama 8,600 zikitumia programu hiyo, ilisema imetajiwa nyongeza ya asilimia 1,050 kwa mwaka mmoja; yaani palipolipwa 100 zatakiwa 1,150. Mwaka 2024 ikaenda mahakamani, na mwaka huo huo wakapatana. AT&T ina mawakili wake. Chama cha wakulima kitawatoa wapi?

Basi kamati ianze kwa kujua gharama ya kuhama. Tuseme ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka, na kuhamisha daftari pamoja na kufundisha makarani ni 1,800,000. Muuzaji akiongeza 500,000, na programu nyingine ikapatikana kwa ada ile ya zamani, fedha za kuhama zitarudi katika mwaka wa nne. Kamati itazamayo mwaka mmoja tu italipa nyongeza, na muuzaji ayajua hayo.

Dawa ni kuipunguza ile 1,800,000. Kila mwezi karani atoe nakala ya daftari zote katika jedwali la kawaida, liwezalo kufunguliwa na programu yoyote, na mtu mwingine ajaribu kulifungua katika kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa haihesabiwi.

Katika mkataba, kabla ya kutia sahihi, ombeni kiwango cha juu cha nyongeza ya ada, taarifa ya miezi sita kabla ya badiliko, na haki ya kuchukua daftari zenu mkataba ukiisha. Ikiwa programu imeandikwa na fundi mmoja wa mjini, maandishi yake ya asili yawekwe amana kwa mtu wa tatu, asije akafunga duka nanyi mkakwama.

Tena mikataba mingi hujiendeleza yenyewe mtu asipotoa taarifa mapema. Katibu aiandike tarehe hiyo ya mwisho katika kalenda ya ofisi, na jambo liletwe kamatini miezi mitatu kabla yake.