Kabla ya Kumwita Mfanyakazi Mvivu

Yako malalamiko tuyasikiayo mara kwa mara, mjini na shamba. Tajiri mwenye kiwanda huyasema, mkuu wa ofisi huyasema, na mama mwenye nyumba huyasema vile vile akimtazama msichana amsaidiaye kazi jikoni: wafanyakazi wa siku hizi hawana moyo. Huchelewa kufika, huwahi kuondoka, hufanya kazi wakiangaliwa tu, na wakipata nafasi pengine huhama bila kuaga. Halafu neno la mwisho hutolewa kama hukumu: ni wavivu.

Leo twataka kulichunguza neno hilo. Hatukatai kwamba wavivu wapo. Wapo tangu zamani, katika kila taifa na katika kila daraja la kazi, hata miongoni mwa wakubwa. Lakini twasema ya kwamba sehemu kubwa ya moyo wa mfanyakazi hutokana na utaratibu aliowekewa: namna alivyoandikwa kazi, namna alipwavyo, namna asemeshwavyo, na namna asikilizwavyo. Mwenye kuupanga utaratibu huo ni mwajiri. Basi kabla hajamhukumu mtu wake, yampasa autazame kwanza utaratibu wake mwenyewe. Tutalionyesha jambo hili kwa mifano mitatu, kisha tutaingia katika nyumba zetu.

Kwanza: Kibarua na bandari ya Mombasa

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti apewacho mtu wa kazi ya kutwa ili apate ujira wake. Polepole jina la cheti likawa jina la mtu. Hapo pana somo tayari, kwa maana aliyemwandika mtu kwa siku moja hakuona haja ya kulijua jina lake.

Kwa jirani zetu wa Kenya, kazi ya bandari ya Mombasa ilifanywa na vibarua kwa miaka mingi. Meli ilipofika watu walikusanyika, wakachaguliwa, wakapakua shehena, wakalipwa, wakaenda zao. Siku isiyo na meli haikuwa na kazi wala ujira. Wenye makampuni na maofisa wa serikali ya kikoloni wakalalamika: watu hawa hawadumu, leo waja, kesho hawaji. Wakaihesabu hali hiyo kuwa ndiyo tabia ya Mwafrika.

Lakini tufikiri kidogo. Kampuni haikumwahidi kuli yule kitu chochote cha kesho. Kwa nini yeye aiahidi kampuni kesho yake? Kama akiugua, hakuna aliyemuuliza. Kama akijifunza kazi vizuri, cheti chake kilikuwa kile kile cha mgeni aliyefika jana. Basi alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: alifanya kazi siku zilizomtosha, na siku nyingine akatafuta riziki pengine. Alichokiita tajiri uvivu, kwake yeye kilikuwa hesabu.

Migomo ikafuatana, mwaka 1934, mwaka 1939, na ule mkubwa wa mwaka 1947. Tarehe 13 Januari 1947 makuli wa bandarini, watu wa reli, wa mahoteli, na hata watumishi wa majumbani, jumla yao wapatao 15,000, waliacha kazi, na mji ukasimama kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Mishahara ilikuwa haba, na maisha ya mjini yalikuwa yamepanda sana baada ya vita.

Baada ya hapo wakubwa walianza kuutazama utaratibu wenyewe. Makuli wa bandarini waliwekwa katika daftari, wakatakiwa kuhudhuria kwa idadi maalumu ya zamu, na kadiri miaka ya 1950 ilivyoendelea wengi wao wakaandikwa kazi ya kudumu yenye mshahara bora. Nayo kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya ilisema waziwazi, katika taarifa yake ya mwaka 1954, kwamba mshahara ulikuwa umekadiriwa kwa mtu mmoja asiye na mke, na yafaa ukadiriwe kwa kumtosha mtu na jamaa yake. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kufundisha katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891 kwamba ujira wa haki haupungui kile kimtunzacho mfanyakazi mwenye kiasi. Serikali ile ilihitaji miaka 63 na migomo mingi kulifikia neno hilo.

Matokeo yalikuwaje? Watu wale wale waliosemwa kuwa hawadumu wakawa wafanyakazi wa kudumu. Damu yao haikubadilika wala hali ya hewa ya pwani. Kilichobadilika ni utaratibu. Hata hivyo haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Walioingizwa katika daftari walipata, lakini wengine waliokuwa wakiishi kwa kazi ya siku walibaki nje. Utaratibu mwema ukiwafaa wachache tu, wale walioachwa nje nao wana dai lao.

Pili: Mshahara peke yake hautoshi

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Mwezi wa Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake. Katika fungu la 15 viongozi walikatazwa kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu kwa watu walio chini yao. Fungu hilo likapenya viwandani upesi kuliko wengi walivyodhani. Tangu mwaka huo hadi mwaka 1973 migomo mingi ilitokea, hasa Dar es Salaam, na wafanyakazi walikuwa wakilitaja fungu la 15 mbele ya mameneja wao.

Jambo la kushangaza lilikuwa madai yenyewe. Migomo ya zamani ilihusu zaidi shilingi. Katika migomo hii watu wengi walilalamikia matusi, vitisho na dharau. Mameneja waliwasemesha watu wazima kama watoto, na waliwafukuza bila kuwauliza neno. Watu waliokuwa na mishahara yao waliacha kazi kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na mfanyakazi husikia upesi kama amethaminiwa au la, hata kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulikuwa umeagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, ili watu washauriwe katika mambo ya kazi yao. Nia ilikuwa njema. Lakini baraza huwa na maana pale tu ambapo yasemwayo ndani yake huleta mabadiliko. Mtu akiitwa kutoa shauri mara tatu, na mara tatu shauri lake likatupwa bila kujibiwa, mara ya nne atanyamaza. Kisha mkuu wake atasema kwamba hana mawazo.

Tatu: Afya ya mwili nayo imo

Pengine mtu atasema: haya yote ni mambo ya moyo, nayo kazi ni kazi. Tumjibu kwa mfano wa Uingereza. Tangu mwaka 1967 madaktari walichunguza afya ya wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London, tangu makatibu wakuu hadi matarishi na mabawabu. Hawakuwa maskini wa kukosa chakula, wala hawakufanya kazi migodini. Hata hivyo, katika taarifa zilizotolewa na Profesa Michael Marmot na wenzake, ilionekana kwamba watu wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu na zaidi kuliko wale wa daraja la juu kabisa. Hata sigara na mambo mengine yaletayo ugonjwa huo yalipohesabiwa, yalieleza sehemu tu ya tofauti ile.

Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1985 kwa watu zaidi ya 10,000, wanaume na wanawake. Huo ulionyesha kwamba wale wasio na neno lolote katika kazi yao, wasioweza kuamua waifanye vipi wala lini wapumzike, waliugua moyo zaidi kuliko wenye uhuru kiasi. Kwa hiyo dharau na kubanwa havikomi langoni pa kazi. Mtu huondoka navyo mwilini, akaenda navyo nyumbani kwa mke na watoto. Ni mara ngapi watoto wamelipa kwa makaripio ya jioni deni la matusi ambayo baba aliyapokea asubuhi?

Sasa tuingie nyumbani

Msomaji aweza kudhani kwamba haya yawahusu wenye viwanda tu. La, hasha. Jamaa nyingi zisomazo ukurasa huu zina msichana wa kazi, au mchungaji wa ng'ombe, au kijana wa dukani, au vibarua wa kupalilia wakati wa masika. Basi sisi nasi ni waajiri, na nyumba zetu zina utaratibu wake, hata kama haukuandikwa popote.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka mipaka iliyo wazi: kwa kawaida saa za kazi zisizidi 45 kwa juma, mfanyakazi apate siku yake ya kupumzika, apate likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, na asiachishwe pasipo sababu ya haki na njia ya haki. Nalo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 Mkataba Namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani, kwa sababu watu hawa ndio husahauliwa kuliko wote. Kazi yao hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, wala hawana wenzao wa kushauriana nao.

Kwa hiyo twaomba kila mwenye nyumba ajiulize maswali haya, na ajijibu kwa kweli.

Je, mtumishi wangu aijua siku yake ya kulipwa, au hungoja mpaka nikumbuke? Sheria ya Musa iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa maana ni maskini na roho yake huungojea ujira huo.

Je, siku yake ya kazi ina mwisho? Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku amefanya kazi ya watu wawili. Tusistaajabu akiunguza wali.

Je, akiugua, namtibu au namrudisha kwao kwa basi la kesho?

Je, namwita kwa jina lake, au watoto wangu wamejifunza kwangu kumwita "wewe"? Akikosa, namwonya faraghani, au namkaripia mbele ya wageni?

Je, nimepata kumwuliza hata mara moja kazi hii ingefanywaje vizuri zaidi?

Mwenye kuyajibu maswali haya vizuri atakuwa na sababu ya kulalamika kama mtumishi wake bado ni mvivu. Asiyeweza kuyajibu, na aanze kwanza na utaratibu wake.

Wajibu wa mfanyakazi

Hatutaki msomaji aliyeajiriwa aufunge ukurasa huu akisema: kumbe makosa yote ni ya tajiri. Utaratibu mbaya waweza kueleza kwa nini mtu amekata tamaa, lakini hauhalalishi wizi, wala uongo, wala kumtesa mtoto aliyeachiwa kumlea. Muuguzi aliyecheleweshewa mshahara bado ana mgonjwa mbele yake, na mwalimu aliyedharauliwa na mkuu wake bado ana watoto darasani. Yafaa mfanyakazi adai haki yake kwa njia iliyo wazi: kwa mkuu wake, kwa chama chake cha wafanyakazi, au kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuidai kwa siri, kwa kazi mbovu, humwumiza mwenzake kabla ya kumwumiza tajiri, na humharibu yeye mwenyewe, maana mkono uliozoea kazi mbovu hauachi upesi hata ukipata bwana mwema.

Lakini mzigo wa kuanza uko juu ya mwenye uwezo wa kuanza. Kibarua wa Mombasa hakuweza kujiandika mwenyewe kazi ya kudumu, wala msichana wa jikoni hawezi kujipa siku ya kupumzika. Ikiwa twataka watumishi wenye moyo, basi tuwape kazi yenye kesho, ujira wenye siku yake, lugha yenye heshima, na sikio lisikialo. Juma hili na tuanze na dogo lililo karibu: kila mwenye kumwajiri mtu na aketi naye kwa nusu saa, wapatane saa za kazi, siku ya mapumziko na siku ya malipo, waviandike katika karatasi, na kila mmoja awe na nakala yake.