Presha ya Macho: Tunza Jicho Baada ya Upasuaji

Ndani ya jicho mna maji. Njia yake ya kutokea ikiziba, presha hupanda na kuua mshipa wa kuonea, mara nyingi bila maumivu.

Daktari hufungua njia ndogo kwenye weupe wa jicho, chini ya kope la juu. Upasuaji haurudishi nuru iliyopotea. Huokoa iliyobaki.

Kidonda cha jembe tunataka kifunge. Lakini njia hii ikifungwa na kovu, presha hurudi. Kwa hiyo tia dawa ulizopewa. Usisugue jicho. Usitie mitishamba. Mkulima wa Shinyanga au mchimba dhahabu wa Geita, usirudi kwenye vumbi kabla daktari hajakuruhusu.

Rudi kupimwa hata kama huumwi. Jicho likiuma, likiwa jekundu au nuru ikipungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.