Gari Likivuta Kushoto, Anza Kupima Nyuma

Gari likivuta upande mmoja, wengi wetu tunakimbilia matairi ya mbele. Lakini mbele ni kwa kukata kona tu. Uelekeo wa gari zima unaamuliwa na matairi ya nyuma. Yakitazama kulia, mkia unasukumwa kulia na pua inakwenda kushoto.

Mfano wangu ni Datsun 240Z, modeli iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Niliipima likizo iliyopita kwenye gereji moja pale Mikumi mjini. Mwenye gari, mzee wa Kilosa, alikuwa ameshalipia alaimenti ya mbele mara mbili, na bado ilimbidi ashike usukani umepinda kulia ili gari linyooke.

Gari hili halina ekseli nzima nyuma kama lori. Kila tairi lina mkono wake, na mkono unashikwa na bushi za mpira. Kwa barabara zetu za vumbi, bushi zinachoka na tairi linageuka kidogo kidogo. Tatizo ni kwamba kiwandani hawakuweka boliti ya kurekebisha nyuma.

Vifaa: uzi, stendi nne na rula. Hatua ni hizi:

1. Egesha gari sehemu tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa.
2. Vuta uzi pande zote mbili, kimo cha katikati ya tairi. Hakikisha nyuzi zinakwenda sambamba na ziko umbali sawa kutoka katikati ya gari.
3. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila tairi la nyuma.

Vipimo vyetu: kushoto mbele 104 mm, nyuma 102 mm, kulia mbele 100 mm, nyuma 106 mm. Yaani tairi la kushoto linatazama ndani kwa 2 mm, la kulia linatazama nje kwa 6 mm. Yote mawili yanatazama kulia! Wastani ni 4 mm. Kwa rimu yenye kipenyo cha 390 mm, hiyo ni karibu nyuzi 0.6.

Tulifunga bushi mpya zenye tundu lisilo katikati. Ukizizungusha, mkono unasogea. Upande wa kulia tuliingiza ndani bushi ya mbele, tukapima tena na tena mpaka kila tairi likatazama ndani kwa 1 mm. Ndipo tukagusa mbele.

Msidhani ni suala la tairi kulika tu. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Tembo akitokea ghafla ukakanyaga breki, tairi la nyuma linalotazama nje linaweza kuligeuza gari ubavu, na nyuma yako kuna basi.

Kwa hiyo ukifika gereji, omba kwanza vipimo vya nyuma, kisha lipa.