Kunasa Sauti ya Harusi kwa Simu

Wakaazi wa Kisauni wanaorekodi harusi wenyewe hujali picha kwanza. Lakini bwana harusi hukubali ndoa kwa sauti ya chini, na hakuna atakayemrudisha aseme tena kwa ajili ya kamera.

Tumia simu ya pili kunasa sauti tu. Omba ruhusa, kisha uilaze juu ya mto mdogo karibu na bwana harusi na kadhi. Mfukoni haifai, kanzu huikwaruza. Iweke hali ya ndegeni ili isipigiwe. Zote mbili zikisharekodi, piga makofi mara moja. Mlio huo utakusaidia kuoanisha sauti na picha. Feni ya karibu izimwe, joto tulivumilie kidogo. Ufuoni Bamburi au Shanzu, funika maiki kwa sponji nyembamba, upepo usivume ndani.