Miaka minne ya kukosea: maswali na majibu kuhusu shahada ya usanifu

Kila msimu wa kuchagua kozi za chuo kikuu, usanifu, au dizaini kama wengi wanavyosema, huzua ubishi kati ya wazazi na watoto. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara kwa mara. Majibu yameegemea Afrika Mashariki, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia ya fani hii tangu miaka ya 1960, Makerere ina shule yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930, na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam hufundisha usanifu wa mambo ya ndani.

Binti yangu ana alama nzuri za hisabati na fizikia, lakini anataka usanifu. Si atakwenda kusomea kuchora tu?

Kuchora kumo, ila si kiini. Kinachofundishwa ni namna ya kuamua kitu kiweje kabla hakijatengenezwa kwa wingi na kuingia mikononi mwa watu usiowajua. Itazame kanga. Mnunuzi huona maua na maneno. Anayeisanifu huona masharti. Pindo lizunguke pande zote nne, mji ukae katikati, jina, yaani yale maneno, liwekwe mahali litakaposomeka kanga ikiwa mwilini. Huuzwa kwa doti, yaani kanga mbili zilizoungana, na mwenye kuinunua ndiye atakayezitenganisha na kuzipinda, kwa hiyo mchoro ustahimili mkasi wake. Tena kila rangi inayoongezwa wakati wa kuchapa huhitaji skrini au silinda yake, na hiyo ni gharama: rangi moja zaidi, hata ikipendeza vipi, inaweza kuifanya kanga isinunulike. Kwa miongo mingi uamuzi wa aina hii uliishia mbali na wavaaji, maana kanga za pwani yetu zilichapwa Uholanzi, India na Japani kabla viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, havijaanza kuzichapa hapa. Hisabati na fizikia za binti yako zitapata kazi. Kinachoweza kumsumbua ni kwamba katika usanifu hakuna ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu, na wanafunzi waliozoea kupata mia kwa mia mara nyingi huteseka mwaka wa kwanza.

Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, hawakusoma chuo, na vitu vyao vinauzika. Kwa nini nilipe ada ya miaka minne?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayelijibu kwa kuwabeza mafundi hajalielewa. Fundi anayekunja bati Kamukunji anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote: bati hili litakubali kukunjwa wapi, litapasuka wapi, na mpini uwekwe vipi usiunguze mkono. Upungufu wa karakana ya mtaani hauko kwenye ujuzi, uko mfukoni. Bati likiharibika hasara ni ya fundi mwenyewe, kodi ya banda haingoji, na mteja anataka mzigo wake jioni. Busara inamwelekeza atengeneze kilichouzika jana. Ndiyo maana ukipita mahali penye maseremala wengi utakuta banda baada ya banda lina kitanda kilekile chenye nakshi zilezile. Wapo wanaouita huo uvivu wa kufikiri. Mimi naona ni hesabu sahihi ya mtu asiye na akiba ya kukosea. Basi chuo kikuu kinastahili ada yako kwa sharti moja: kimpe mwanafunzi kile ambacho banda haliwezi kumpa, yaani nafasi ya kukosea mara nyingi, kwa hasara ndogo, mbele ya watu wanaoweza kumwonyesha amekosea wapi na kwa nini.

Ushahidi uko jikoni kwa watu wengi wanaosoma haya. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufika nchi jirani, lilitokana na wazo la jiko la ndoo la Thailand. Wazo hilo halikuhamishwa lilivyo. Udongo na bati havitanuki kwa kiwango kimoja vinapopata moto, na udongo uliobanwa ndani ya bati hupasuka. Jiko lenye kitako chembamba huyumba mpishi anapokoroga ugali. Mifano ya majaribio ilirudi karakanani mpaka likapatikana umbo tunalolijua, lenye kiuno, udongo ukikaa sehemu ya juu tu na kitako kikiwa kipana. Ndipo mafundi wa jua kali wakalichukua na kulitengeneza kwa maelfu, na mkaa unaookolewa ukaonekana kwenye matumizi ya nyumbani. Lakini katika kipindi chote cha mifano iliyopasuka, kuna mtu aliyelipia zile hasara, na hakuwa fundi wa bandani. Zililipiwa na miradi ya nishati na mashirika yaliyoona thamani ya kujaribu.

Msomaji makini atanishika hapo hapo: kama jiko hilo halikutoka darasa la usanifu, si ni hoja dhidi ya chuo? Ingekuwa hivyo kama miradi ya namna ile ingekuwa mingi, na kama ingewapokea vijana wa miaka 19. Si mingi, na haiwapokei. Kwa kijana wa kawaida, chuo ndipo mahali pekee panapoweza kumpa vifaa, muda na wakosoaji bila kumtaka kwanza aoneshe faida. Nimesema panapoweza, maana vipo vyuo vinavyofundisha usanifu kwa mihadhara na mtihani wa saa tatu. Chuo cha namna hiyo kimemnyima mwanafunzi kile kitu pekee kilichomleta, na hapo nakubaliana nawe: mpeleke kwa fundi.

Programu zote za kuchora zinajifunzwa bure mtandaoni, na sasa akili mnemba inatoa bango kwa sekunde chache. Shahada imebaki na kazi gani?

Asilipe mtu ada ya chuo kikuu ili akafundishwe programu. Hilo tulimalize. Hata kukosea anaweza kukosea peke yake nyumbani. Tatizo ni kwamba kosa zito katika fani hii haliko kwenye mstari uliopinda au rangi isiyooana, bali kwenye swali lenyewe, na mtu hawezi kuligundua akiwa ameinamia kioo. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wadogo wa taasisi ya mikopo ya Faulu urejeshaji wa mikopo kwa simu. Walipofuatiliwa, ikaonekana wanaitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo waandaaji hawakuyapanga, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na huduma imejengwa juu ya jambo moja, kumtumia mtu pesa. Fikiria kama mwaka ule wa 2005 pangekuwa na mashine ya kupamba na kurahisisha menyu ya kulipa mikopo. Ingefanya kazi nzuri, na ingeboresha kitu ambacho watu hawakukihitaji sana.

Mashine hujibu ulichouliza. Stadi ya kutazama watu wanafanya nini hasa na kitu ulichowapa, kisha kukubali kwamba swali lako lilikuwa baya, hupatikana kwa mazoezi ya muda mrefu na kwa kukosolewa. Kuna watakaosema akili mnemba nayo itajifunza kukosoa. Huenda, na kwa kiasi fulani inaweza sasa. Lakini hukosoa kwa kutegemea yale yaliyokwisha kuandikwa na kupigwa picha, na mengi ya maisha ya Mathare, Tandika au Bujumbura hayajaandikwa na mtu. Nakiri upande mmoja wa hoja hii: kazi ndogondogo za nembo, mabango na kadi za harusi, ambazo zimewalisha wahitimu wengi katika miaka yao ya mwanzo, zitapungua. Kozi inayowaandaa wanafunzi kwa kazi hizo peke yake ikwepwe.

Nitaitambuaje kozi nzuri?

Usianze na tovuti wala majengo. Anza na karakana: inafunguliwa saa ngapi, funguo zake ziko mikononi mwa nani, na je, kuna fundi aliyeajiriwa kufundisha humo? Jambo hili ni la tangu mwanzo wa elimu ya usanifu wa kisasa. Bauhaus, shule iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliweka walimu wawili katika kila karakana, msanii na fundi, kwa sababu wakati ule hakupatikana mtu mmoja aliyezimudu pande zote mbili. Katika mafunzo ya mwanzo Josef Albers aliwapa wanafunzi magazeti na kuwataka watengeneze kitu kinachoheshimu tabia ya karatasi. Waliojenga kasri na vinyago hawakumfurahisha. Alivutiwa na karatasi iliyokunjwa tu ikaweza kusimama wima. Zoezi hilo halikuhitaji bajeti, na linaweza kufanyika Kisumu au Mwanza kesho asubuhi. Wakuu wa idara wanaosema usanifu haufundishiki bila mashine za bei kubwa wanapaswa kulikumbuka.

Jambo la pili ni kama kozi inatazama maisha ya mahali ilipo. India ilipotaka shule yake ya usanifu iliwaalika Charles na Ray Eames kutoka Marekani, na ripoti yao ya mwaka 1958 ilikisifu chombo cha kawaida kabisa cha kubebea maji, lota, kwa kuorodhesha maswali ambayo umbo lake limeyajibu: kinakaaje kichwani au kiunoni, kinajisawazishaje kikiwa kimejaa na kikiwa tupu, kinamiminaje, kinasafishwaje. Taasisi ya taifa ya usanifu ikafunguliwa Ahmedabad mwaka 1961. Nairobi nayo haikukaa ikisubiri. Katikati ya miaka ya 1960 Selby Mvusi, msanii na mwalimu kutoka Afrika Kusini, aliandaa pamoja na Derek Morgan mafunzo ya msingi ya usanifu katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mvusi hakukubali kwamba Mwafrika abaki kutengeneza vitu vya asili vya kuwauzia watalii huku vitu vya viwandani vikiamuliwa kwingine. Alifariki mwaka 1967, na mjadala aliouanzisha bado haujafungwa. Ukiona kozi ambayo mazoezi yake yote ni vifungashio vya manukato ya Ulaya, au kinyume chake vinyago na shanga tupu, jua kwamba imeukwepa.

Nyongeza moja, na kwangu hii ina uzito zaidi kuliko nyingine. Siku ya maonyesho ya wahitimu kila kitu hung'aa. Waombeni walimu wawaonyeshe mifano iliyoshindwa ya kazi hizo hizo: ya kwanza, ya pili, ya tano. Kama ipo rafuni na mwanafunzi anaweza kueleza kwa nini kila mmoja ulitupwa, hapo pana shule. Kama hakuna, basi kilichoonyeshwa ni jaribio la kwanza lililopigwa rangi.

Kazi zipo?

Zipo, ila hazina mlango mmoja wenye kibao kama udaktari au ualimu. Wahitimu huingia kwenye matangazo, uchapaji, vifungashio, samani, mavazi, mabenki na kampuni za simu zinazohitaji huduma zisizomchanganya mteja, na mashirika ya afya yanayotaka maelekezo ya dawa yaeleweke. Wengi hujiajiri, na mwaka wa kwanza wa kujiajiri huwa mgumu; asidanganywe mtu. Familia inayohitaji mshahara wa uhakika mara moja isijilaumu ikichagua stashahada ya miaka miwili ya ufundi badala ya shahada. Mwenye stashahada nzuri na karakana ya kufanyia kazi anaweza kumpita mhitimu wa mihadhara. Ninachopinga ni kuipima shahada kwa ajira ya kwanza peke yake, kwa sababu faida ya mtu aliyezoea kuuliza upya swali la mteja huonekana anapopewa kazi kubwa, na kazi kubwa haziji mwaka wa kwanza.

Hajui kuchora vizuri. Aache?

Asiache. Mchoro wa msanifu ni wa kufikiria na kuelekezana, na wa kiwango hicho hufundishika kwa mazoezi ya kila siku katika mwaka mmoja. Asiyevumilia kusikia kazi yake ikipasuliwa mbele za watu ndiye atakayepata taabu zaidi.

Tumnunulie kompyuta gani kabla ya kuanza?

Subirini. Matawi ya grafiki na ya bidhaa hayahitaji mashine sawa, na idara nyingi hutoa maelekezo yake baada ya usajili. Kwa muhula wa kwanza mpeni daftari lisilo na mistari, penseli za aina mbili tatu, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi chenye makali ya kubadilishwa na futi ya kupimia. Maboksi ya kadibodi ya kutengenezea mifano atayapata dukani bure.